Wiketi Saba za Mjomba Okullo

Lira, 11 Februari 2024

Mpwa wangu Nerima,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana nyinyi watu wa Kampala hupokea kila kitu mkitembea. Sisi huku ni wazima. Mguu wa Mama Olal umepona, na sasa mke wangu ananishinda mwendo tukienda sokoni. Jua ni kali, lakini simsim ya mwaka jana bado ipo na yako nimekutengea. Nasikia mama yako angali anagombana na jirani juu ya maji ya mvua. Mwambie kaka yake amesema aache. Najua hataacha.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba shule za hapa zina ligi ya kriketi na wameipa jina langu. Ijumaa walifungua msimu. Mwalimu mkuu alisimama na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, akawasomea watoto mia mbili maisha yangu: kuzaliwa kwangu, kazi yangu ya polisi, mechi zangu nne za timu ya taifa. Halafu akasoma kwamba mwaka 1990, katika fainali ya Kombe la Ziwa, Okullo wa Klabu ya Kilima aliwatoa wapigaji saba wa Kisumu peke yake, wiketi saba kwa mikimbio ishirini na tatu. Watoto walipiga makofi mpaka vumbi likainuka. Mimi nilikuwa nimesimama pale ndani ya suti, nikitazama viatu vyangu.

Nilimuuliza ameyatoa wapi. Akasema, kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Nikampigia mama yako, naye akaniambia kwa fahari kwamba ukurasa huo unalindwa na wewe.

Vizuri sana. Basi zifute hizo wiketi saba. Mengine yaache. Hili si ombi, ni amri ya sajini mstaafu, na nimeiandika kwa sababu simu haina faili. Kazini tulifundishwa kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi.

Mimi mjomba wako,
Okullo


Kyebando, Kampala, 3 Machi 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako nilikaa nikaisoma kama ulivyoagiza, kisha nikasimama nikacheka, kisha nikakaa tena. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu na anasema maji ya mvua ni ya Mungu ila pipa ni lake. Kazi yangu pale kliniki inaendelea: nazunguka kutwa nikitafuta majalada ya wagonjwa, na kila jalada limewekwa mahali pa jingine. Mvua za Machi zimeanza na barabara yetu imegeuka uji.

Kuhusu amri yako, Afande: imekataliwa. Usikasirike mpaka nimalize.

Kamusi ile haina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuandika, ila kila anachoandika lazima kiwe na chanzo kilichochapishwa: gazeti, kitabu, rekodi ya mashindano. Mimi ukurasa wako sikuuanzisha. Niliukuta, nikaona ni wa mjomba wangu, na siku hiyohiyo nikajitangaza kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba mimi ni damu yako. Tangu hapo siruhusiwi kukusifu hata kidogo. Kazi yangu ni kufagia. Mtu mmoja aliandika kwamba wewe ni simba wa kaskazini, nikafuta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwingine aliandika kwamba ulikufa mwaka 2017. Nilikufufua baada ya dakika kumi na moja, na hujanishukuru mpaka leo.

Hizo wiketi saba zina chanzo. Gazeti la siku ya pili yake lipo kwenye maktaba, nimeliona kwa macho yangu na nimelipiga picha. Sina ruhusa ya kufuta jambo lenye ushahidi kwa sababu tu mwenyewe anaona haya. Ndiyo maana watu wanatuamini.

Na sidhani kama unajua nilivyokupigania. Gazeti lile lilikosea jambo moja: liliandika kwamba ulirusha kwa mkono wa kushoto. Wewe, kushoto! Rekodi zako zote za timu ya taifa zinasema kulia, na mimi nimekula nawe mezani miaka thelathini. Mtu alikuwa amelinukuu kosa hilo kwenye ukurasa, sentensi nzima juu ya mkono wa kushoto wa Okullo. Mwaka juzi niliitoa. Mwandishi yule lazima alichomwa na jua siku ile.

Kwa hiyo niambie: unazionea haya wiketi ambazo wenzako wangezitundika ukutani. Kwa nini?

Mpwa wako mkaidi,
Nerima


Lira, 20 Aprili 2024

Nerima,

Salamu. Ni wazima wote. Mvua imekuja kwa fujo na Mama Olal ameshapanda. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa.

Nimeelewa sheria zenu na nazikubali. Sheria ni sheria. Hata hivyo naweka maelezo yangu rasmi: Mimi, Sajini mstaafu Okullo, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, nakanusha wiketi saba za tarehe 18 Agosti 1990. Yapeleke panapohusika.

Pili, nataka kujua gazeti lilisema nini juu ya mkono. Si maoni yako, maneno yenyewe. Yanakili kwa kalamu unitumie.

Tatu, mama yako huwa anasoma unayoyaandika huko?

Okullo


Kyebando, 5 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tupo. Mama alikuwa na kifua, sasa nafuu. Jirani amenunua pipa lake, vita vimeisha, na mama anaonekana kupungukiwa na shughuli.

Maelezo yako rasmi nimeyapokea na nimeyacheka peke yangu, maana hayana pa kwenda. Ni barua. Barua kutoka kwa mjomba haijachapishwa popote, na kwa kamusi ni sawa na mtu aliyeota. Kuna watu mashuhuri wamepigana miaka kurekebisha hata umri wao wakashindwa, kwa sababu kila chanzo kilichochapishwa kiliwapinga. Neno lako juu yako mwenyewe, likiwa hivihivi, halina uzito. Samahani.

Maneno ya gazeti haya hapa, nimeyatoa kwenye Kiingereza: “Okullo, mwembamba na mtulivu, alirusha kwa mkono wa kushoto bila kupumzika, na kila alipomtoa mpigaji alijifuta kiganja kwenye suruali, kana kwamba amemaliza kazi ya dukani.”

Sasa sikiliza kilichotokea. Sentensi hiyo niliinakili hapa mezani, na nikaisoma kwa sauti ili nisikosee. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Aliacha maharage, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Akaniambia bila kunitazama, kwa kile Kiswahili chenu cha kambini, “Hiyo mkono wacha. Hapana shika. Enda uliza mjomba yako.” Sijamsikia akiongea hivyo tangu msiba wa baba.

Kwa hiyo nimekaa na sentensi hii wiki nzima. Wewe si mwembamba, Mjomba, hujawahi kuwa, picha zako za ujana ninazo. Wala si mtulivu.

Kuna duka moja nililikumbuka, pale soko la Kikuubo, la nyuzi na vifungo na zipu. Kila Jumamosi nikiwa mdogo nilikaa juu ya maboksi nikimtazama mwenye duka akipima nyuzi. Zuleika wa duka la pili alikuwa akimtania kwamba wateja hukasirika wakipewa vitu kwa mkono usiofaa. Naye alikuwa akicheka tu na kujifuta kiganja kwenye suruali. Sitaandika zaidi ya hapo.

Wewe umewahoji watu miaka ishirini na sita. Leo mimi nakuhoji swali moja. Tarehe 18 Agosti 1990 ulikuwa wapi?

Nerima


Lira, 14 Julai 2024

Mwanangu Nerima,

Natumaini mama yako kifua kimepoa na wewe umekula. Huku tumevuna maharage. Nimeianza barua hii mara tano. Nne nimewashia moto.

Jibu: nilikuwa kitandani kambini, na malaria.

Sasa nakuandikia kama ninavyojua kuandika, jambo baada ya jambo. Klabu ya Kilima ilikuwa ya askari watupu, na anayecheza alitakiwa awe kwenye orodha. Baba yako Wanjala alikuwa na duka lake changa pale Kikuubo. Kriketi alijifunza Nairobi, alikokuwa akitunza nyasi za uwanja wa klabu moja, akiwatazama wakubwa wakicheza na kuwarushia mpira wakati wa mazoezi. Kampala alikuja kufanya biashara, lakini jioni alikuwa haachi kuja kwetu uwanjani. Alikuwa bora kuliko sisi sote, na sote tulijua. Ila alikuwa raia tena Mkenya, kwa hiyo alirusha mazoezini tu.

Asubuhi ya fainali nilishindwa hata kukaa. Kapteni wetu Ojera, Mungu amrehemu, alichukua kofia yangu na shati langu akamvalisha Wanjala. Watu wa Kisumu hawakutujua sura. Mwandishi wa alama alipouliza jina, Ojera alisema Okullo. Yaliyofuata uliyasoma gazetini. Jioni waliniletea kombe kitandani, nikalishika, na mimi ndiye niliyepongezwa.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa nacheka. Lakini baada ya miezi miwili barua ya timu ya taifa ilikuja kwa jina langu, kwa ajili ya wiketi zile. Nilikwenda dukani kwa Wanjala kumwambia nitaikataa. Alikuwa anamhudumia mteja. Alimaliza, akaniambia: “Okullo, mimi Mkenya, hakuna timu ya taifa itaniita hapa. Wewe enda. Ukicheza, mimi pia nimecheza.” Kisha akaniuliza kama dada yangu Acan ameshachumbiwa.

Nilikwenda. Mechi nne, wiketi tatu, zangu za halali, kwa mkono wangu wa kulia. Nilipandishwa cheo. Baba yako akamwoa dada yangu, ukazaliwa wewe, na katika miaka yote hiyo hakulitaja hata kwa utani. Shukrani za punda ni mateke, lakini mimi hata teke sikumpa, nilimpa kimya. Kwenye mazishi yake mwaka 2009 niliitwa nizungumze. Uliniona. Nilisimama nikasema alikuwa mwaminifu katika biashara ya nyuzi, nikakaa. Mama yako, aliyejua tangu mwanzo, hakunisemesha mwaka mzima na wewe hukujua kwa nini.

Nilidhani ukifuta yatakwisha kimyakimya, na nitazikwa bila wiketi za mtu. Sikujua kuna mkono. Nimeona aibu mpaka mifupani. Sasa usifute. Andika ukweli. Weka jina la baba yako.

Okullo


Kyebando, 1 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima.

Barua yako niliisoma kliniki, chumba cha majalada, nikajifungia humo mpaka msimamizi akagonga. Nimekukasirikia. Naandika hivyo wazi kwa sababu nikiificha hasira itaota mizizi. Nimekukasirikia kwa miaka yote niliyokaa juu ya yale maboksi nikidhani baba yangu ni muuza nyuzi tu, mtu mwema asiye na makuu. Laiti ningejua, ningemtazama vizuri zaidi. Ningemuuliza.

Halafu nimejikasirikia mimi. Katika dunia nzima yalibaki maneno machache tu juu ya baba yangu na siku ile, “kwa mkono wa kushoto”, na mtu asiyemjua aliyanukuu kwa uaminifu. Aliyeyafuta ni mimi. Nilijiona mwerevu kuliko chanzo. Historia ya ukurasa haifutiki, Mjomba: ukibofya unaona tarehe, unaona jina langu, unaona sababu niliyoandika, “kosa dhahiri la mwandishi”.

Unasema niandike ukweli. Siwezi. Wewe ni mjomba na huyu ni baba. Kama kwako nilifunga mkono mmoja, kwake lazima nifunge yote miwili. Na hata nisingekuwa mwanawe, nina nini mkononi? Barua yako, na maharage ya mama.

Nimefanya jambo moja tu. Ukurasa wako nimeukabidhi kwa Asuman, mwenzetu mmoja kutoka Bombo, mkali kuliko mimi, hajui hata kriketi inachezwaje. Tulikutana Kabalagala, mchana, kwenye mkahawa ambao huwa tunakaa sisi wahariri wa kujitolea. Nikamweleza yote. Alirudisha ule mkono palepale, kwa sababu gazeti linasema hivyo. Kuweka jina la baba alinikatalia. “Nerima, mimi naamini wewe kabisa,” akasema. “Lakini kamusi hapana amini mtu, inaamini karatasi. Leta karatasi, nyabo.” Nilitaka kummwagia chai pamoja na hiyo “nyabo” yake ya heshima. Alikuwa sawa, na mimi ndiye ningesema maneno hayohayo kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo basi. Una ligi yenye jina lako na watoto wanakupenda. Una miaka sabini na moja. Mimi sikuombi kitu.

Nerima


Lira, 22 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwenu, na kwa dada yangu hasa. Mama Olal anamtumia siagi ya karanga, chupa mbili, moja ni yako na asijifanye hajui.

Uliandika kwamba huniombi kitu. Nimewahoji watu wengi, Nerima. Mtu akisema haombi kitu huwa namletea kiti.

Jumamosi ya tarehe 14 ilikuwa fainali ya ligi. Nilimwalika Lamwaka, binti anayeandika habari za michezo kwenye gazeti la Kampala, nikamwambia aje na daftari kuna habari. Mwalimu mkuu alipomaliza kusoma karatasi yake ileile, niliomba kipaza sauti. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na maelezo yangu, ukurasa mmoja, yenye tarehe na sahihi. Nilisoma kwamba siku ya fainali nilikuwa mgonjwa, kwamba aliyewatoa wale saba ni Wanjala wa Kikuubo, kwa mkono wa kushoto, akiwa amevaa shati langu, na kwamba timu ya taifa niliingia kwa jasho lake. Nikasoma na lile la mazishi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu alikunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni. Baadaye, tukiwa peke yetu, aliniambia, “Afande, hii maneno ungeacha tu. Nani angejua?” Nikamwambia aliyejua ni mimi, na mpwa wangu ambaye ni mkaidi. Kamati itakaa kuamua kama jina la ligi libaki. Wakae. Niliwaambia nitakuja kusimamia mechi hata wakiiita ligi ya simsim.

Watu wengine hapa hawanisalimii kama zamani. Nilidhani itaniuma zaidi. Nerima, nimelala vizuri. Miaka thelathini na minne nilikuwa nikisikia makofi chakula hakishuki, na Jumamosi ile sikupigiwa makofi nikarudi nyumbani nikala sahani mbili.

Lamwaka hakunikubali kwa neno langu tu. Alishuka Kikuubo mwenyewe akamtafuta Zuleika, naye akamtolea picha: timu nzima na kombe, na nyuma kabisa, mwembamba, ndani ya shati linalomzidi, baba yako ameshika mpira. Unajua kwa mkono gani. Gazeti limetoka jana na kipande kimo ndani ya bahasha hii. Hiyo ndiyo karatasi. Mpe huyo Asuman.

Mjomba wako,
Okullo


Kyebando, 13 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Sisi ni wazima. Siagi ilifika chupa moja na nusu. Kondakta anasema barabara ni mbaya. Mama amepokea na ameniagiza nikuandikie neno moja la Kiganda, “Kale”, yaani haya, sawa. Nilimwambia aongeze. Akasema linatosha, kaka yake atalielewa.

Picha nimeiona gazetini. Nilimtambua kwa shingo kabla sijaona uso. Nilikwenda kwa Zuleika akanipa niishike ile yenyewe, na nikalia palepale katikati ya wachuuzi, na hakuna aliyeshangaa, Kikuubo watu hulia kila siku.

Sasa kazi. Asuman amesoma gazeti mara mbili, ameandika. Nakunakilia: “Gazeti la wakati huo liliripoti kwamba katika fainali ya 1990 Okullo alipata wiketi saba kwa mikimbio 23, akirusha kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2024 Okullo, anayerusha kwa mkono wa kulia, alisema kwamba siku hiyo alikuwa mgonjwa na kwamba aliyecheza kwa jina lake ni Wanjala, mfanyabiashara kutoka Kenya. Picha iliyochapishwa mwaka huo huo inamwonyesha Wanjala pamoja na timu.” Basi. Hakuna shujaa wala mwongo. Mechi zako nne na wiketi zako tatu zimebaki palepale, maana hizo ni zako.

Nikuambie na jambo jingine, ulijue kutoka kwangu. Siku mbili baada ya gazeti mtu aliandika juu ya jina lako, “mwizi wa wiketi”. Niliyaona kabla ya Asuman. Nilikaa nayo dakika nzima, Mjomba, sitakudanganya, na sehemu yangu moja ilisema yaache yakae kidogo. Kisha nikampigia simu yafutwe. Yalifutwa. Hayakuwa na chanzo, na hayakuwa ya haki. Nadhani hapo ndipo hasira yangu iliponiishia.

Umeona kwenye nakala ya ukurasa niliyokuchapishia na kuitia bahashani kwamba jina la baba lina rangi nyekundu? Si kosa la wino. Jina likiwa jekundu maana yake mtu huyu ametajwa ila hajaandikwa, ukurasa wake haupo. Likiandikwa litageuka buluu. Mwaka huu nimeandika kurasa za watu arobaini nisiowajua, na huyu mmoja siruhusiwi. Wewe pia huruhusiwi, usijaribu, nakujua. Lazima aje mtu baki, asiyetudai upendo, aone jina jekundu na apate hamu.

Inaweza kuchukua miaka. Nitangoja.

Wako,
Nerima


Lira, 8 Desemba 2024

Mpwa wangu Nerima,

Salamu za mavuno. Mama Olal ameuza simsim yote hadi ile yako, kwa hiyo nakudai subira. Mwambie dada yangu neno lake nililielewa, na mimi pia namjibu: kale. Krismasi tunakuja wote, atafute pa kutulaza.

Kamati ilikaa mara tatu. Jina langu limebaki kwenye ligi kwa kura moja, na sijui ni ya nani. Mpira wa tuzo ya mrushaji bora wa msimu utakuwa na jina la baba yako. Nimeukubali uamuzi wote. Jumatano na Ijumaa nafundisha, na nina wasichana wawili wanaotumia mkono wa kushoto ambao walimu walikuwa wakiwageuza. Nimekataza.

Jana mwalimu mkuu aliniita ofisini, akageuza kompyuta yake nione. Jina la Wanjala limegeuka buluu. Nilimwambia abofye. Aliyeandika ni mtu wa Mombasa, hatumjui, naye hatujui sisi. Sentensi sita. Nilimwomba anisomee, halafu nikamwomba anisomee tena, halafu nikatoa kalamu.

Wameandika alizaliwa 1962. Ni 1961. Wameandika aliuza vitambaa. Aliuza nyuzi, vifungo na zipu. Wameandika ameacha watoto watatu, na sisi tunajua ni wewe na wadogo zako watatu, jumla wanne. Najua kidole kinakuwasha. Usiguse. Nimeshampigia Lamwaka, anakuja Jumanne na kinasa sauti, na nitamwambia aandike yote yalivyo na ayachape.

Lakini mkono, Nerima, mkono wameuandika sawa.

Mimi mjomba wako,
Okullo